Kibao cha Kumi na Mbili

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Kabla ya hapo Karangwa alikuwa mpiga chapa. Baada ya hapo alikuwa mwizi.

Mahali ni karakana ya vitabu ya Nyakabanda, nyumba ya matofali nyuma ya mafundi viatu. Humo vitabu hutengenezwa kwa mkono. Herufi za risasi zinapangwa moja moja, picha zinachongwa kwenye vibao vya mti wa umusave, karatasi nene inaloweshwa kidogo, halafu mtu anavuta wenzo wa mashine ya chuma iliyoachwa na wamisheni. Mtu huyo ni Karangwa, kwa miaka kumi na saba. Kitabu cha mwaka huu kilikuwa habari za kinamasi: ndege, wanyama na mafunjo, picha kumi na mbili, nakala arobaini tu. Maneno aliyaandika mkurugenzi, Bwana Jean-Berchmans, ambaye viatu vyake havijawahi kuona tope. Vibao alivichonga Flaviana, mke wa Karangwa, aliyefariki tarehe 19 Februari.

Kazi hii ina desturi yake. Nakala ya arobaini ikishatoka, kila kibao hukatwa mkato mmoja wa patasi usoni, mbele ya mashahidi, ili asitokee mtu wa kuchapa ya arobaini na moja. Baada ya hapo ndipo unachapwa ukurasa wa mwisho, ule unaosema nani aliandika, nani alichonga, nani alivuta mashine, na kwamba vibao vimekatwa. Hauchapwi mapema hata siku moja. Ukurasa huo haupaswi kusema jambo ambalo bado halijawa kweli.

Asubuhi hiyo wageni sita walikaa kwenye viti vya kukodi. Sanduku la vibao lilifunguliwa kwa ufunguo wa mkurugenzi. Karangwa alikuwa anafungua kifurushi, anakishika kibao mezani, na bosi anakata. Chura. Fisi-maji. Nzohe, swala wa kinamasi. Mdiria. Wageni wakapiga makofi kila mkato. Cha kumi na moja kilikuwa kereng'ende. Karangwa alikishika kwa mikono miwili, imara, wala hakukiangalia. Macho yake yalikuwa kwenye kifurushi kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa umusambi, korongo mwenye taji, kazi ya mwisho ya Flaviana. Kila mtu alijua hivyo. Na kila mtu alijua maneno aliyoyasema Karangwa wiki iliyopita, kwa sauti, katikati ya karakana: "Kibao hicho hakitaguswa na patasi mimi nikiwa hai."

Akafungua fundo la kamba. Kidole chake kikaikosa ncha, kikaikuta upande wa pili, kama kilivyofanya kwa vifurushi vyote kumi na kimoja. Hakujali. Akafunua kitambaa.

Ndani kulikuwa na ubao mtupu. Umusave uleule, unene uleule, uzito uleule, bila hata mstari mmoja.

"Kiko wapi?" aliuliza Jean-Berchmans.

"Mimi ndiye wa kukuuliza. Ufunguo unao wewe."

"Karangwa, usinifanyie mchezo mbele ya wageni."

"Nimefanya mchezo gani? Nimefungua kitambaa."

Jean-Berchmans akawageukia wageni kwa tabasamu, akawaomba radhi, akawaambia warudi Jumamosi. Walipotoka, tabasamu likatoka nao.

"Mchana wa Ijumaa, saa sita kamili, kibao kiwe mezani," alisema. "Kisipokuwepo nakupeleka polisi. Na ukurasa wa mwisho utatoka bila jina la Flaviana. Siandiki jina la mchongaji ambaye mume wake ameiba kazi ya karakana."

Wakubwa wana kipaji hicho. Wanamwona mwizi kabla ya kuangalia kilichoibiwa.

"Utatoa jina la mke wangu?" Karangwa aliuliza polepole.

"Wewe ndiye uliyelitoa."

Karangwa ana elimu ya darasa la nne, aliyoipata Ngara, Tanzania, alikokulia. Kusoma anasoma polepole, kidole kikitangulia. Lakini siku tatu alijua ni nini. Na jina la Flaviana, herufi nane, alilijua lilivyo hata kwenye risasi, kinyumenyume.

Alianza saa saba mchana, siku ileile, na ubao mtupu. Aliupindua chini ya dirisha. Kingo zilikatwa kwa msumeno mwembamba, na kila baada ya nusu inchi kulikuwa na mkwaruzo. Karakana nzima ina msumeno mmoja wenye jino lililovunjika. Ni wa Usumani, mjalidi, mtu wa Kigoma, anayekata kwa huo mbao za majalada. Ni kwa ajili yake karakana nzima huongea Kiswahili, maana Kinyarwanda chake kinaishia kwenye salamu.

"Usumani, huu ubao umekatwa na msumeno wako."

Usumani aliupokea, akaunusa, akacheka. "Na wewe umekuwa askari sasa? Mzee Karangwa, msumeno wangu hauna kufuli. Bosi mwenyewe aliuchukua kukatia fremu. Kaliza kila Jumamosi anakatia vibao vyake vya kujifunzia. Hata wewe ulikatia mguu wa kiti chako, tena hukunirudishia siku mbili."

"Ijumaa nilipofunga vifurushi, kibao kilikuwepo. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Nyamirambo, nimelala. Nina mke mkali, kamuulize yeye, ukirudi mzima tutaongea." Akaacha kucheka. "Sikiliza. Unanishuku mimi, na mimi si mtu wa hapa, najua itakavyokuwa. Kwa hiyo nakwambia neno moja. Jana Jumatatu, saa kumi na moja jioni, bosi alilifungua lile sanduku. Alikuwa na mgeni wa kike, mwenye miwani. Walikuwa wanapiga picha."

"Mbona hakusema?"

"Bosi anasema asiyoulizwa?"

Wakati huo Kaliza alikuja na birika. Huyu alikuwa na miaka ishirini na nne, binti wa Masaka, mwanafunzi wa Flaviana kwa miaka mitatu, na tangu msiba ndiye mchongaji pekee aliyebaki. Alimpa Usumani kikombe.

"Astaghafiru! Kaliza, mkono wa kushoto tena? Kwetu ungechapwa."

"Kwenu iko mbali, Usumani. Hapa chai ni chai."

"Mkono wa kushoto ni wa chooni, binti."

"Basi usinywe."

Usumani akanywa. Kaliza akampa Karangwa kikombe chake bila kumtazama. "Muzehe, kunywa. Tangu asubuhi hujakula."

"Kaliza, Jumatatu jioni ulikuwepo?"

"Nilikuwepo mpaka saa kumi na mbili. Nilikuwa nafagia."

"Uliona sanduku likifunguliwa?"

"Mimi niliona bosi na mgeni wake. Nikaendelea kufagia."

Alikuwa ameshika birika tupu kama mtu aliyesahau linawekwa wapi. Karangwa aliona hilo, akadhani ni huruma.

Jumatano, saa tatu asubuhi, aliingia ofisi ya mkurugenzi bila kubisha. Ni chumba ambacho hakukipenda. Tarehe 9 Januari Flaviana aliingia humo kuomba ruhusa ya kwenda hospitali, maana kikohozi kilikuwa kimeanza kuleta damu. Alikaa dakika tano. Alipotoka hakusema neno. Alikaa kwenye benchi lake, akashika patasi, akaendelea kuchonga. Hospitali alifika tarehe 30, amebebwa. Karangwa alimuuliza njiani bosi alisema nini. Flaviana alitikisa kichwa tu. Halafu muda wa kuuliza ukaisha.

"Jumatatu saa kumi na moja ulifungua sanduku," alisema Karangwa. "Jana ulinyamaza."

Jean-Berchmans aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Bon. Nani kakwambia?"

"Ulifungua au hukufungua?"

"Nilifungua. Nina haki. Nilimwonyesha mnunuzi."

"Basi mwizi anaweza kuwa wewe."

Bosi alicheka, akachukua simu yake, akamwonyesha picha. Ilikuwa kibao cha umusambi juu ya meza, wino mweusi kwenye manyoya ya taji. Juu ya picha saa ilisomeka: 17:20. "Unaona? Kilikuwepo. Nikafunga. Asubuhi hakipo. Na anayekitaka ni mmoja tu."

"Nani alivirudisha kwenye vitambaa?"

"Vitambaa?"

"Vibao kumi na viwili vilifunguliwa ili mgeni aone. Nani alivifunga tena kwa kamba?"

"Mimi nafunga kamba? Nilimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari. Niliporudi vifurushi vilikuwa sandukuni, nikahesabu kumi na viwili, nikapiga kufuli."

"Ulikuwa nje dakika ngapi?"

"Kumi. Kumi na tano." Hapo hapo akajua amesema nini, uso ukawa mgumu. "Karangwa, wewe si mpelelezi. Wewe ni mtu wa kuvuta chuma. Nenda kavute."

"Nitavuta. Lakini kwa dakika kumi na tano sanduku lako lilikuwa wazi, na jana ulinifanya mimi mwizi mbele ya watu sita huku unajua."

"Toka."

Karangwa hakutoka mara moja. Ukutani nyuma ya bosi kulikuwa na picha ya umusambi kwenye fremu, chapa ya kwanza kabisa, iliyosuguliwa kwa kijiko kabla kibao hakijafika mashineni. Hakuwahi kuiona kwa karibu. Ukanda mweupe wa kadibodi uliizunguka, mwembamba pande tatu na mpana ajabu upande wa chini.

"Unaangalia nini?"

"Kazi ya mke wangu. Au hiyo nayo inahitaji ruhusa?"

Alhamisi, saa mbili asubuhi, kabla wengine hawajafika, alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya miezi yote mitatu. Karatasi za kila picha zilikaa kwenye droo yake, zikisubiri kushonwa. Alizichapa picha moja kwa wiki, wiki kumi na mbili, na hazikuwahi kukutana. Alitoa moja moja kutoka rundo la zilizoharibika, akazipanga zote sakafuni, safu tatu.

Alitaka kumuaga mke wake, basi. Kama Ijumaa wanamchukua, awe amemwona Flaviana mzima, picha zote kumi na mbili.

Mchongaji anapoondoa mbao kwenye sehemu ya anga, patasi huacha vituta vidogo. Wino huvishika kidogo, na kwenye karatasi anga linakuwa na vistari kama manyunyu. Karakana zingine huvisugua viishe. Flaviana hakusugua. Alisema kinamasi bila manyunyu ni bwawa la hoteli.

Karangwa alisimama akaangalia mvua ya mke wake. Juu ya chura ilianguka kutoka kulia kwenda kushoto. Juu ya fisi-maji, kulia kwenda kushoto. Nzohe, mdiria, mafunjo, yungiyungi, zote kulia kwenda kushoto, kama upepo ni mmoja. Kereng'ende vilevile.

Juu ya umusambi mvua ilianguka kutoka kushoto kwenda kulia.

Alipiga magoti. Akasogeza karatasi, akazigeuza, akazirudisha. Alichukua patasi, akaishika kwa mkono wa kulia kama Flaviana alivyoshika, akaisukuma hewani. Halafu akaihamishia mkono wa kushoto. Akakumbuka ncha ya kamba, Jumanne, iliyokuwa upande usio wake, kwenye vifurushi vyote.

Usumani alipoingia saa tatu kasoro, alimkuta bado sakafuni.

"Mzee, unasali au umeanguka?"

"Fremu ya ofisini. Nani aliitengeneza?"

"Mimi. Nilikwambia bosi alikata mbao mwenyewe, akaziharibu, nikamalizia."

"Kwa nini kadibodi ni pana upande wa chini?"

"Alitaka ishuke vidole viwili zaidi. Nikamwambia bosi, utafunika tarehe ya mchongaji. Akasema tarehe si ya kuangalia, ndege ndiye wa kuangalia."

"Tarehe gani, Usumani?"

"Nne Machi. Naikumbuka kwa sababu ndiyo tarehe niliyooa." Akamtazama. "Kwani kuna nini? Mimi nilikuja hapa Aprili, sijui ya nyuma."

Karangwa alirudisha macho kwenye karatasi. Machi 4 yeye alikuwa amekaa msibani Gahanga, kwa ndugu wa marehemu. Flaviana alikuwa na siku kumi na nne tangu afariki. Alirudi kazini katikati ya mwezi, na Jean-Berchmans akamkumbatia mlangoni, mara ya kwanza na ya mwisho, akamwambia: "Mkeo ametuachia umusambi. Ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wake." Yeye akalia, akashukuru. Alishukuru!

Kisha jambo la pili likamfikia, na hilo lilimkalisha chini kabisa. Kama umusambi si wa Flaviana, wa mwisho wake ni upi? Akaangalia kereng'ende. Bawa la kwanza lilikuwa na mishipa mingi, myembamba, ya kushangaza. Kwenye la pili ilipungua. La tatu na la nne yalikuwa na mistari michache tu, iliyoachana, kama pumzi ya mtu anayepanda mlima. Bosi alikuwa amewaambia wageni ni mtindo.

Hicho ndicho kilikuwa cha mwisho. Na Jumanne, saa nne asubuhi, patasi ilipokipita usoni, ni mikono ya Karangwa iliyokishika kisitikisike.

Siku ile hakuvuta hata karatasi moja. Usumani alimwekea ugali, ukapoa.

Usiku hakulala, lakini hilo ni lake. Alikuwa na mizani moja tu mkononi. Akinyamaza, atakamatwa, na jina la Flaviana litafutwa lote. Akisema, jina litabaki kwenye vibao kumi na kimoja, na korongo, picha nzuri kuliko zote, aliyoilalia na kuiamkia tangu Machi, itaondoka mikononi mwa mke wake kwa kinywa chake yeye mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 14 Juni, saa sita kamili, walikuwa wanne. Jean-Berchmans alisimama na simu mkononi. Usumani alikuwa ameamua kuchelewa msikitini. Kaliza alikaa karibu na mlango. Karangwa alikuwa mahali pake, juu ya sanduku la mbao ambalo mpiga chapa hukanyaga ili apate nguvu ya kuvuta wenzo. Mezani karatasi kumi na mbili zilikuwa zimepangwa, na kando yake ile fremu.

"Umeingia ofisini kwangu?" bosi alifoka.

"Nimeingia. Niite mwizi mara ya pili, sasa una sababu. Kibao nitakionyesha. Lakini hapa pana wizi mara mbili, na mimi naanza na wa kwanza."

Akainua fremu, akaing'oa kadibodi ya chini. Kwa penseli, herufi ndogo: 4 Machi 2024.

"Flaviana alikufa lini, Bwana Mkurugenzi?"

Jean-Berchmans aliitazama simu yake.

"Ulikuja mazikoni, ulihutubia dakika ishirini. Tarehe ngapi?"

"Februari," alisema Usumani taratibu, kama mtu anayepiga hesabu. "Mzee, ulisema Februari. Ya Allah."

"Tarehe inaweza kuandikwa vibaya," bosi alisema.

"Inaweza. Mvua je?" Karangwa aliweka kidole kwenye chura, kisha kwenye umusambi. "Hizi kumi na moja zinaanguka huku. Hii inaanguka huku. Mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Jumanne vifurushi vyote vilikuwa vimefungwa na mkono wa kushoto. Ijumaa niliyovifunga mimi havikuwa hivyo. Jumatatu uliposindikiza mgeni, aliyevirudisha vibao kwenye vitambaa ni yuleyule aliyechonga huyu ndege. Na humu ndani mkono wa kushoto ni mmoja, kila siku unatupa chai."

Hakuna aliyemgeukia Kaliza, ndiyo maana ilikuwa kama wote wamemgeukia.

"Muzehe," alisema Kaliza.

"Siku tatu unanipa chai. Naitwa mwizi, na wewe unaniuliza nimekula."

"Nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Nilijua watasema bosi kapoteza, maana ufunguo iko kwake. Sikujua watasema ni wewe. Haki ya Mungu, Muzehe."

"Kwa nini ulikichukua?"

Alisimama. Macho yake yaliacha kukwepa. "Mama Flaviana alikufa, vibao ni kumi na kimoja. Tarehe ishirini na mbili bosi akanipa ubao, akasema maliza kabla Karangwa hajarudi. Nikachora mwenyewe, nikachonga siku kumi na moja. Nikauliza, jina langu litakaa wapi? Akasema, watu wanataka mkono wa mwisho wa marehemu. Mkono wako, Kaliza, utakuwepo hata mwakani."

"Uongo," alisema Jean-Berchmans.

"Nikanyamaza, kwa sababu ya Mama. Nikasema, acha liwe lake, ndiye aliyenifundisha. Lakini kukikata! Kibao changu cha kwanza, mnakikata uso kabla hakijapata jina, na ukurasa utasema si changu. Jumamosi nikakata ubao wa kujifunzia saizi ileile. Nilikuwa sijaamua. Jumatatu bosi akaacha sanduku wazi, akaenda kucheka na mgeni. Nikaamua."

"Kiko wapi?" bosi aliuliza.

Kaliza alikwenda mpaka kwenye mashine, akapiga magoti mbele ya Karangwa. "Muzehe, shuka."

Karangwa alishuka. Kaliza akaliinua sanduku la kukanyagia, akaingiza mkono, akatoa kitambaa. Kwa siku tatu mzee alikuwa amesimama juu yake.

Usumani alishindwa kujizuia. "Mpelelezi wewe! Umekanyaga ushahidi tangu Jumanne!"

Hata Karangwa alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika.

"Basi," Jean-Berchmans alisema, akiinua simu. "Mwizi amepatikana. Karangwa, nakuomba radhi. Jina la Flaviana litabaki, kwenye vibao vyote kumi na viwili. Si ndicho ulichotaka? Huyu binti nitamshughulikia."

Ndivyo wanavyofanya. Wanachukua kitu chako, halafu wanakurudishia nusu pamoja na kitu cha mwenzako, na wanataka useme asante.

"Weka simu chini," alisema Karangwa.

"Nini?"

"Au ipige. Waje. Tupeleke wezi wote wawili, na fremu naibeba mimi. Huyu aliiba kibao chake. Wewe uliiba mkono wake ukamvika maiti, na mimi ukanifanya nilie juu ya korongo asiye wangu. Jumanne nilishika kazi ya mwisho ya mke wangu ukaikata, na sikuiangalia! Sikuiangalia, kwa sababu yako. Hicho utanirudishia na nini?"

Bosi aliishusha simu. "Nilifanya kwa heshima yake. Kitabu kilihitaji…"

"Kitabu kinahitaji ukurasa wa mwisho. Kaliza, panga herufi. Vibao kumi na kimoja: Flaviana. Cha kumi na mbili: Kaliza."

"Hapana," alisema Jean-Berchmans. "Kitabu ni changu. Nitaleta mtu mwingine wa kuvuta mashine."

"Mlete. Wageni wanarudi kesho. Mashine hii wenzo wake una kasoro. Ukivuta kama kitabu cha mashine kinavyosema, unachana karatasi. Miaka kumi na saba nimekuomba uutengeneze. Leo nashukuru hukusikia."

Bosi alimtazama Usumani. Usumani alikuwa anaangalia kucha zake. "Mimi siwezi kushona kitabu chenye uongo, bosi. Uzi wangu utakatika."

Kaliza alikwenda kwenye kabati la herufi, na risasi zikaanza kugonga chuma, tik, tik, polepole. Ilipofika saa nane kasoro Karangwa aliweka kibao cha umusambi mezani, akampa patasi.

"Muzehe, na mimi nikikate?"

"Nakala ni arobaini. Arobaini ni arobaini, hata kama ni wewe. Ila sasa kinakatwa kikiwa na mwenyewe."

Kaliza aliishika patasi kwa mkono wa kushoto. Usumani hakutania. Mkato ulipita mara moja, kutoka kwenye taji mpaka kwenye mguu.

Kisha Karangwa alipanda juu ya sanduku lake, akavuta wenzo mara arobaini. Ukurasa wa mwisho ulitoka ukiwa na majina mawili ya wachongaji, ukakauka kwenye kamba mbele ya macho ya mkurugenzi, ambaye hakuwa na pa kwenda. Kibao cha kereng'ende, na kovu lake, Karangwa alikifunga kwenye kitambaa kwa fundo la mkono wa kulia, akakiweka kwapani. Hakuomba ruhusa.

Mlangoni aligeuka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa, na Jean-Berchmans akawa anapanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Tangu Ijumaa hiyo amemuuliza kila asubuhi kabla ya kugusa wino, na karakana nzima sasa inalijua swali hilo kwa moyo:

"Tarehe tisa Januari, Flaviana alipokuja kuomba ruhusa ya kwenda hospitali, ulimwambia nini?"